Jibu: saa ya Ubuntu inaruka mbele saa 3 kila ukitoka Windows

Pole ndugu. Nimekuelewa: mashine moja ina Windows na Ubuntu, na ukiingia Ubuntu saa inakuwa mbele kwa saa 3 hata ukiirekebisha kwa mkono, ndiyo maana risiti zako zinatoka na muda wa uongo.

Betri ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta, yenye saa yake) haina tatizo hapo. Ingekuwa imekufa, tarehe ingerudi miaka ya nyuma. Windows huandika saa ya hapa kwetu kwenye saa ya ubao, Linux, yaani mfumo ulio ndani ya Ubuntu, huisoma kama UTC (saa ya kimataifa), kisha inaongeza 3 zetu za Afrika Mashariki.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

timedatectl

Taimuzoni (ukanda wa saa, mstari wa “Time zone”) isome Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Kisha:

sudo timedatectl set-ntp true
sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ya kwanza inawasha ulinganishaji kupitia intaneti, ya pili inaifanya Ubuntu isome saa ya ubao kama Windows. Ubuntu itatoa onyo. Kwetu halina uzito sana kwa kuwa hatubadilishi saa kwa majira.

Subiri kidogo, angalia tena. Mstari wa “System clock synchronized” ukibaki “no”, huenda mtandao wa ofisi umefunga UDP 123, yaani mlango unaotumiwa na ulinganishaji wa saa. Mwone fundi anayeusimamia.

Tafadhali, kabla ya amri hizo mbili za sudo, funga kwanza programu ya mauzo na uweke nakala ya data. Saa ikirudi nyuma ghafla, mpangilio wa miamala unaweza kuvurugika, na hilo mpigie aliyekufungia programu hiyo.