Gitaa la jazi: anza na noti mbili za kila kordi

Mkuu, umeuliza kama ni lazima ukariri mamia ya maumbo ya kordi kwanza ndipo uguse solo na kubadilisha kordi za wimbo. Kwa uzoefu wangu, hapana. Kusindikiza, solo na kubadilisha kordi ni watoto wa mama mmoja: noti ya tatu na ya saba ya kila kordi, ukihesabu kutoka noti inayoipa kordi jina.

Shika gitaa ujaribu (nyuzi nahesabu kuanzia ule mwembamba). Kordi ya kwanza, Dm7: uzi wa tano freti ya 5, wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 5. Nyingine zizime. Ukienda G7, uzi wa nne unabaki palepale, wa tatu unashuka freti moja tu, besi (noti ya chini) inahamia uzi wa sita freti ya 3. Kisha Cmaj7: besi uzi wa tano freti ya 3, wa nne unashuka hadi freti ya 2, wa tatu hauguswi. Mfuatano huu utaukuta karibu kila wimbo wa jazi, na vidole havijasafiri popote. Kama kuna mpiga besi, ile noti ya chini mwachie yeye. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa na bendi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987, akipiga mapigo manne kila kipimo, na mara nyingi kilichosikika ni noti moja au mbili tu.

Sasa utamu wenyewe. Ndani ya G7 mna F na B. Db7 (Db ni D iliyoshushwa nusu toni, yaani freti moja) nayo inazo hizohizo. Basi unaweza kuiweka mahali pa G7: vidole viwili viache vilipo, besi iweke uzi wa tano freti ya 4, nayo inashuka D, Db, C. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikesha nayo. Ila isikilize melodi kwanza. Ikikaa kwenye G, Db7 inang'aa. Ikikaa kwenye D, inagongana na ile Db ya chini, sasa amua kama unautaka ukali huo. Na mpiga besi akibaki kwenye G, badiliko lako halitasikika kama ulivyokusudia, kwa hiyo elewaneni mapema. Kubadili kordi za mwimbaji bila kuijua melodi yake ni usumbufu tu.

Kwa solo, jirekodi kwenye simu ukizungusha kordi hizo taratibu, kisha juu yake piga F, F, E, noti moja kwa kila kordi. Halafu C, B, B. Ukizoea, ifikie kila noti kutoka nusu toni chini: E kabla ya F, B kabla ya C. Skeli zitakuja. Wapo wanaozijua zote na solo zao bado hazionyeshi kordi imebadilika wapi.

Ukimaliza ufunguo wa C, hamia ufunguo wa F. Gm7 ni freti ya 3 kwenye nyuzi za sita, nne na tatu. Zilizobaki zitafute mwenyewe. Kisha Bb na Eb, maana wapiga tarumbeta na saksafoni hupenda funguo hizo.