Jeti iliyofungwa kwenye pindo la leso

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara tatu, mimi na mama yako, na mara ya tatu alikuwepo jirani ambaye hakualikwa. Unauliza hivi: mjukuu wangu ametimiza miaka sita, analilia pikipiki ya mashindano, ile ndogo ya cc 50. Mkeo hataki, wewe unataka na hutaki. Je, umnunulie sasa, au umwambie angoje akue? Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikipiga, simu itaishia mikononi mwa mama yako kabla sijamaliza salamu.

Swali nimelisikia. Nitalifikia. Lakini tangu juzi usiku linanirudisha Jamhuri, kile kiwanja cha mbio za pikipiki Nairobi, na sipati usingizi mzuri, basi nivumilie.

Wewe ulianza na ile pikipiki DT125 ya mnadani. Nadhani unakumbuka kwamba nilikununulia kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, ila kilichonitoa pesa mfukoni ni lile goti. Mwaka mzima nilikuwa nimekukataza pikipiki, na katazo langu likazaa hivi: ukachukua ya kijana wa jirani, ukaenda nayo mpaka daraja la Sabaki, kichwa wazi, kandambili miguuni, ukarudi umechunika, ukatuambia umeanguka mnazini. Mnazi gani unamwachia mtu lami ndani ya kidonda? Mama yako aliitoa kwa sindano, punje moja moja, na kila punje ikitoka ananitazama mimi, si wewe.

Wiki ile ile nikaenda mnadani. Niliileta haiwaki, tukaifungua pale kibandani kwangu kati ya mashine mbili za boti zilizokuwa zikingoja pistoni. Ulishangaa kuona ina tangi lake la oili na pampu inayochanganya yenyewe, maana ulizoea kuniona nikichanganya kwa mkono, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, nikitikisa dumu kama mtu anayepepeta mchele. Siku ile ndipo nilikwambia neno langu, na nimekwambia tena mara ngapi sijui: injini haisemi uongo. Mwenye injini ndiye husema uongo.

Wewe ulilichukua neno ukaenda nalo kwenye michanga ya Mambrui. Huko sikukufundisha mimi, ulijifundisha kwa kuanguka. Ulikuwa unarudi magharibi na mchanga hadi kwenye meno, unanieleza: baba, pale ukiogopa ukapunguza mafuta, tairi la mbele linazama na wewe unapita juu yake. Inabidi ukae nyuma, mkono wa mafuta wazi, uiache icheze chini yako. Mama yako akawa anasema mbio umezirithi kwao Lamu, kwa mjomba wako aliyekuwa akishindana na punda pale forodhani bila tandiko. Mimi nikasema mtoto amerithi mashine kwangu. Ugomvi huo haujaisha, na naona sasa umepata mwanachama mpya wa miaka sita.

Haya. Ile YZ125, pikipiki yako ya mashindano.

Uliinunua Nairobi kwa pesa zako za bodaboda, kuukuu lakini safi, ukaileta Malindi juu ya kenta. Nilipoiwasha tu nikasikia ina kiu. Nilijua. Mashine iliyotegeshwa juu kule Nairobi, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko huku pwani, inapewa petroli kidogo ili ilingane na hewa hiyo. Ukiileta huku inavuta hewa nzito kwa petroli ile ile kidogo, inakwenda na njaa, inapata moto, na siku moja pistoni inakamata ukiwa gia ya tano. Kwa hiyo nikatoa jeti yake, kile kidude chenye tundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, nikatia yenye tundu kubwa. Hapo sikukosea, na sitaki mtu aniambie nilikosea. Miezi minne ulipiga michanga ile na plagi ikawa inatoka rangi ya chai ya maziwa, ndiyo dalili ya injini inayokula sawa.

Kosa lilikuwa la usiku wa kuamkia safari ya Jamhuri. Tunaifunga kamba, wewe ukaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, kwani ile jeti ya zamani tusiirudishe? Tunapanda juu." Na pale kibandani walikuwepo manahodha wawili wanakunywa kahawa yangu. Fundi wa miaka thelathini anaulizwa na mtoto mbele ya wateja. Nikasema, "Injini haijui Nairobi wala Malindi." Wakacheka. Ukanyamaza.

Nimelitafuta tangu siku hiyo neno la kijinga kuliko hilo katika maisha yangu na sijalipata. Mimi, niliyebadilisha jeti kwa sababu hiyo hiyo! Nilijua. Ningekuwa sijui ingekuwa nafuu.

Jamhuri ilikuwa baridi, unakumbuka mama yako alivyovaa sweta lako juu ya buibui. Nyinyi mmepangwa kwenye geti, mabega yamegusana, kibao cha sekunde 15 kimeinuliwa, kikageuzwa 5, na mlio ule wote ukapanda pamoja. Mimi nilikuwa kwenye uzio nikausikia wako ndani ya ile milio mingine. Ulikuwa unakohoa. Bab-bab-bab, kama mashine ya boti iliyosongwa. Geti likaanguka, wenzako wakaondoka kama nzi waliofukuzwa kwenye nyama, wewe ukaenda hatua mbili tatu na moshi mwingi, ukazimika. Ukapiga kiki. Ukapiga kiki. Nilihesabu kiki kumi na moja. Wenzako walikuwa wamekamilisha mzunguko na kukupita, mtu wa bendera ya manjano amesimama mbele yako anawaashiria wakae mbali nawe kama vile wewe ni shimo.

Ulipoisukuma mpaka hemani hukusema kitu. Ukatoa plagi, ukaniwekea kiganjani. Nyeusi, imeloa, petroli imezidi hewa. Injini haisemi uongo.

Nikasema jeti ya zamani iko Malindi, kwenye kopo, rafu ya juu. Nikasema kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Ndipo mama yako akakaa chini kwenye jiwe, akavuta pindo la leso yake, akafungua fundo kwa meno. Kidude cha shaba, hakizidi punje ya hindi. Nikamuuliza ameipataje. "Nilimsikia mtoto akiiulizia," akasema, "nikaona chenyewe hakili wali." Basi.

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi. Tuliilegeza kabureta, tukaigeuza ubavu, petroli ikanimwagikia hadi kwenye saa, na bisibisi ikateleza mara mbili. Ukasema, "Lete, baba, nikushikie." Hukunishikia. Ulifanya mwenyewe, mimi nikashika taa ambayo haikuhitajika maana ilikuwa saa sita mchana.

Mbio za pili ulimaliza wa tisa. Wa tisa kati ya kumi na wanne, mtoto wa michanga, siku ya kwanza kwenye kiwanja chenye miruko ya kutengenezwa. Nilipokuona unatua ule mruko mrefu nyuma ya wale wawili, ukakaa nyuma kama uko Mambrui, mkono wa mafuta wazi, nilipiga kelele ambayo mama yako ananiigiza hadi leo mbele ya wageni.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi juzi. Kijana wa hema la pili alikuja kukupa mkono, akakuuliza, "Mbona mbio za kwanza ulizimika?" Nami nipo hapo, hatua moja, nina kitambaa. Ukacheka, ukasema, "Nilisahau kufungua petroli." Yule kijana akacheka sana, akawaita wenzake, wakakucheka wote. Mpaka jioni walikuwa wanakuita Bwana Mfereji. Na mimi nikanyamaza. Nikapangusa tangi lililokuwa safi. Mtoto ananisitiri mbele ya watu, na mimi mtu mzima naipokea sitara ile kama mtu anayepokea chenji yake. Tulipofika Mtito Andei tukala, nikakuwekea nyama yangu kwenye sahani yako. Uliila. Nikajidanganya kwamba tumemalizana.

Hatujamalizana. Kosa la jeti lilikuwa langu. Sasa nimelisema, na mama yako ameniambia niliandike hivyo hivyo, nisilipambe.

Turudi kwa mtoto. Nilikuwa nimeapa nisitoe hukumu, kwa sababu nyumba ni yako na mke ni wako. Nikisema mnunulie, akivunja mfupa, mkeo atanikumbuka mimi kila akimvalisha shati. Nikisema usimnunulie, nakumbuka lile goti. Barabara hii ya kwetu nimewabeba vijana wawili wa bodaboda kwa mikono yangu, na wote walikuwa waangalifu. Aliyewagonga ndiye hakuwa. Kwenye kiwanja wote wanakwenda upande mmoja, hakuna matatu, hakuna mkokoteni wa punda usio na taa, na kuna mtu wa bendera. Hilo mwambie mkeo. Halafu usimwambie kwamba ni salama, maana si salama, na yeye si mjinga. Kola ya shingo, kifua, miwani, buti za kweli, helmeti inayomkaa yeye, si ya kukulia. Ukikosa pesa ya hivyo basi huna pesa ya pikipiki. Unaona, tayari ninahukumu.

Nimekwenda kuiangalia PW50 moja, pikipiki ya watoto, ya watu hapa mjini. Haina klachi wala gia za kubadilisha, mtoto anafungua mafuta tu inakwenda. Halafu kwenye mkono wa mafuta kuna skrubu ndogo: ukiikaza, mkono haufunguki wote, na kadiri mtoto anavyozoea unailegeza kidogo kidogo. Nimeichezea skrubu ile nusu saa, mwenyewe akaanza kuniangalia vibaya. Aliyeifikiria alikuwa na mtoto nyumbani, nakuapia. Nikawaza, lau nami ningekuwa na skrubu ya namna ile kwako wakati wa goti, badala ya kukataza. Kisha nikawaza, huyu wako ana miaka sita, wewe ulikuwa na kumi na mitano, nalinganisha vitu gani? Kisha nikawaza kwamba saa hizi anapanda ukuta wa msikiti bila kofia yoyote.

Kwa hiyo sisemi. Nilisema sitasema.

Ila ukimnunulia, kabureta usinipe mimi. Au nipe, lakini awepo yeye, na akiuliza swali mbele ya watu, ajibiwe. Ile jeti iko kwenye kopo, rafu ya juu, nimeifunga kwa karatasi nikaandika "juu", na ile nyingine nimeandika "chini".

Mama yako anauliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Mjibu yeye, mimi simo.

Baba yako,
Malindi