Jibu: Nimepewa ukurugenzi mtendaji wa hospitali binafsi Kigoma, naomba ushauri

USISAINI hiyo dhamana ya mkopo wa hospitali. Mengine tutaongea baadaye.

Mkuu, umeuliza mshahara, umeuliza kama lazima usome uzamili wa biashara, umeuliza kama uache kuona wagonjwa. Halafu chini kabisa unadokeza kwamba bodi imekuomba hati ya nyumba yako ya Mwanga, hapo Kigoma, na dhamana binafsi (yaani wewe ulipe hospitali ikishindwa) ili hospitali ikopeshwe hela ya X-ray. Yaani hilo ndilo umeliweka mwisho!

Wewe ni mwajiriwa. Hospitali ni kampuni, ina wanahisa, na deni lake ni lake mpaka siku utakapotia sahihi ile karatasi. Isome vizuri: wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Benki haitahangaika kumsaka mwenyekiti Dar, itakuja kwako kudai deni zima na riba yake. Ukiacha kazi, dhamana haiachi. Utakuwa umeshaajiriwa hospitali ya Kitete, Tabora, huku dalali anabandika tangazo la mnada Mwanga.

Halafu huyo afisa mikopo wa "ni utaratibu tu, daktari"! Kama ni utaratibu tu, aweke hati ya kwake. Ana malengo ya mwezi yule, hana uchungu na paa lako. (Msiniulize hati ya nani iko kwenye kabati la benki, hiyo ni mada nyingine.) Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo mama watoto akikataa umepata kisingizio cha heshima.

Mchanganuo wa mapato waliokuonyesha nao nina wasiwasi umejengwa juu ya madai yaliyopelekwa bima, si hela iliyoingia. Fomu moja isiyo na sahihi ya mgonjwa, au dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa, bima inakata malipo. Chukua taarifa ya benki ya miezi 12, jumlisha kilicholipwa kweli, toa mishahara, dawa na dizeli ya jenereta. Rejesho litoke kwenye kinachobaki. Na mashine haipigi picha bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki na chumba kilichokaguliwa kuta zake na mtaalamu wa mionzi. Ikikaa kwenye kreti inasubiri, marejesho hayasubiri.

Waambie mashine yenyewe iwe dhamana na wanahisa ndio wadhamini. Wakikubana kabisa, dhamana iwe na kikomo cha kiasi na tarehe ya kuisha, na mkataba wako wa ajira useme siku ukiondoka lazima upewe barua ya benki ya kukutoa kwenye dhamana. Barua ya bodi haitoshi, aliyekushika ni benki.

Mshahara omba unaotaka, haufikii bei ya hiyo nyumba.

Weka hapa hiyo ofa ya benki, futa majina, tukisome kifungu cha dhamana.