Re: Mkataba wa PDF, sina printa, natakiwa kuusaini leo

Ndugu, kwa mkataba huo wa kazi uliotumiwa kutoka Nairobi huna haja ya kukimbilia Wandegeya, hapa Kampala, kuchapisha na kuskani. Weka Adobe Acrobat Reader ya bure kwenye simu, fungua faili, gusa alama ya kalamu, chora saini, iburute hadi kwenye mstari. Basi.

Ila saini ya kidole hutoka kama mwandiko wa kuku. Mimi nilisaini kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, nikaipiga picha mchana karibu na dirisha, nikakata kingo. Sasa naiingiza picha hiyo tu, na haina tofauti na saini yangu iliyoko benki.

Kisheria usihofu: Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki tangu 2011. Lakini picha ya saini si sawa na saini ya kidijitali yenye cheti, yaani uthibitisho wa kielektroniki wa nani amesaini. Ya cheti hufunga faili, mtu akigusa hata tarakimu moja ya mshahara wako, inaonekana. Ya picha haikulindi hivyo, kwa hiyo baki na nakala yako na ile barua pepe uliyotumia kuurudisha mkataba.

Tovuti zile za kupakia faili ili uisaini mtandaoni nazikwepa kwa chochote chenye namba ya kitambulisho. Na kama ni kuhamisha hati ya ardhi, hapo shika kalamu tu, uende na karatasi halisi.