Jerikeni ya lita 5: kwa wanaoandika hadithi za watoto

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeko Mbale, mwalimu wa shule ya msingi kama mimi. Ameandika hadithi ya dada wawili wanaogombania gauni la Idi, na kwenye ukurasa wa kumi mama yao anawapatanisha. "Mwalimu, watu wazima wanne wameisoma na wote wameisifu. Lakini niliwasomea watoto darasani mara moja tu, na hakuna hata mmoja aliyeiulizia tena. Nimekosea wapi?"

Mwalimu mwenzangu, hadithi yako naifahamu. Niliiandika mimi pia, nikakaa nayo miaka miwili. Yangu ilikuwa na msichana aitwaye Nekesa, mtoto mtiifu kuliko watoto wote. Alfajiri anafagia uwanja, anawaogesha wadogo zake, na wakigombania chapati anawakumbusha kwamba umoja ni nguvu. Niliipenda sana. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja Kampala, nikasubiri miezi saba. Jibu likaja la mstari mmoja: Kiswahili hakina wasomaji Uganda.

Mstari ule uliniuma, na sitadanganya kwamba umekwisha kuniuma. Nimezaliwa Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka, ambako Msamia ana shangazi Kenya na mjomba Uganda, na ambako mtu akitaka kununua nyanya, kubadilisha fedha au kugombana na dereva wa lori anatumia Kiswahili. Lugha hii sikufundishwa darasani, niliikuta nyumbani. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalishaifanya kuwa lugha rasmi ya pili nchini, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Leo walimu wananisimamisha njiani kuniuliza wapi watapata hadithi za Kiswahili zenye watoto wa huku kwetu. Wasomaji walikuwepo siku zote.

Hata hivyo hasira yangu kwa mchapishaji yule ilinifunika macho. Nilikuwa nimeshika kosa lake kwa mikono miwili, nikashindwa kuona langu. Hadithi yenyewe haikuwa na uhai.

Nililijua hilo wakati wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2022. Nilikuwa nimepanga chumba katika ua wenye watoto kumi na mmoja, na jioni nilikaa nao barazani nikawasomea chochote nilichokuwa nacho. Siku moja nikatoa muswada wangu wa Nekesa. Nilipofika katikati, msichana wa jirani, wa miaka minane, aliyekuwa akisukana nywele na mwenzake, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Huyu Nekesa ana wadogo kweli, au anakaa peke yake?"

Usiku ule sikulala. Mimi nina mdogo wangu wa kiume, nimemtangulia miaka mitatu. Nilijiuliza mbona katika kurasa zote zile hakuna hata sentensi moja inayotoka kwake na kwangu. Na jibu nililijua. Lilikuwa ni jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

Kwetu mtoto anapimwa kwa jerikeni. Ukianza kutembea vizuri unapewa ya lita 3, ukienda kisimani na wakubwa unarudi nayo kichwani, nusu imekumwagikia. Halafu unapanda kwenye lita 5, kisha 10, na siku ukibeba 20 bila kusaidiwa kutwishwa, hakuna tena anayekuita mtoto. Nilipokuwa darasa la nne nilipandishwa kwenye lita 10. Ningepaswa kufurahi. Lakini jerikeni yangu ya lita 5, ya njano, yenye herufi ya jina langu niliyoichora ubavuni kwa msumari, mama akaichukua akampa mdogo wangu. Hakuniuliza. Kifuniko chake kilishapotea zamani, nami nilikuwa nimeichongea kizibo cha gunzi la mahindi kilichokaa sawasawa. Mdogo wangu akaondoka nayo na kizibo changu.

Jioni ile niliupasha msumari kwenye makaa ya jiko, nikaitoboa karibu na kitako. Tundu dogo, kama jicho la kuku. Plastiki ilitoa harufu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali tumbo linanikaza. Asubuhi aliijaza kisimani, akafika nyumbani na maji yasiyotosha kuoshea sahani, akachapwa kwa kuwa mzembe. Nilisimama mlangoni nikatazama. Sikusema neno.

Ndiyo hadithi niliyoiandika. Siku tatu tu, kwa mkono, kwenye daftari la mahesabu. Nekesa yuleyule, ila sasa ana wivu, ana msumari, na ana siri. Nilipoisoma barazani watoto wote kumi na mmoja walinyamaza. Yule msichana wa nywele akasema, "Amwambie!" Mwenzake akamjibu, "Asimwambie, atachapwa yeye!" Wakabishana mpaka giza likaingia. Hapo ndipo nilipojua nina hadithi.

Nilikuwa na nusu yake, kwa kweli, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kabla ya kumaliza nilimpigia mdogo wangu simu. Yuko Jinja, ana watoto wake sasa. Nikamwambia kila kitu, kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, baada ya miaka karibu thelathini. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kiboko hakikumbuki kabisa. Anachokumbuka ni kwamba siku ya pili mtoto wa fundi baiskeli alimkuta kisimani analia, akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche, akakilainisha kwa vidole, akakisindika kwenye lile tundu mpaka maji yakakatika. Kila asubuhi wakawa wanakutana palepale, sabuni ikiyeyuka yule rafiki anaweka nyingine. Wiki nzima, mpaka baba yake alipoziba tundu kwa plastiki iliyoyeyushwa. "Ndivyo tulivyokuwa marafiki, dada," akaniambia. "Alinisimamia kwenye harusi yangu. Si unamjua?"

Namjua. Nilimpikia pilau siku ya harusi ile. Sikuwahi kujua urafiki wao ulianzia kwenye tundu langu.

Nikairudia hadithi yote. Sasa ina milango miwili: dada mwenye siri, na mvulana mwenye sabuni mfukoni. Mwaka huu imetoka kitabu, na sioni aibu kusema kwamba nimejivunia. Katika darasa langu nakala moja imeshachanika jalada kwa kugombaniwa.

Basi nirudi kwako. Umewaumba dada wawili, lakini mama amewanyang'anya ugomvi wao. Mtoto anayesoma anajua kwamba mama hajui nusu ya yanayotokea. Mama akiingia na kupatanisha, mtoto anafunga kitabu kwa sababu hana tena la kufanya ndani yake. Mwache mama sokoni. Waache hao dada walale kitanda kimoja wakiwa wamenuniana, kila mmoja akivuta blanketi upande wake, uone nani atasema kwanza. Hasira ya mtoto wa miaka tisa ni kubwa sawa na hasira yako, usiipunguze kwa kuwa chanzo chake ni jerikeni.

Na tuache kuwahubiria, walimu wenzangu. Tunawahubiria paredi asubuhi, tunawahubiria msikitini na kanisani, nyumbani wanahubiriwa tena. Hadithi iwe mahali pao pa kupumua. Ukitaka wajue kwamba wivu unaumiza, waonyeshe maji yanayodondoka njia nzima kutoka kisimani, basi. Sentensi inayoanza na "Watoto wapendwa" ifute. Sentensi inayoeleza hadithi imefundisha nini, ifute pia. Mimi nilizifuta kwa uchungu, zilikuwa ndizo nilizozipenda.

Kwa ufundi sina mengi. Vitabu vya picha hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, ndiyo maana kurasa huwa 16, 24 au 32. Gawanya hadithi yako kwa kurasa hizo tangu mwanzo, na jambo la kushtua liweke pale mtoto anapofunua ukurasa. Kumbuka wengi wa wasomaji wako wanazungumza Luganda, Kiteso au Lusamia nyumbani, Kiswahili wanakutana nacho wakiwa tayari na lugha nyingine kinywani. Kitenzi kama "asingalimwambia" kinawakwamisha. Ipange upya sentensi uandike "hakumwambia". Neno gumu likirudi mara tatu kwenye hadithi, mara ya tatu limekuwa lao. Michezo waache na majina yake: watoto wangu wanacheza kwepena, nikiwaandikia "mchezo wa kurushiana mpira" wananitazama kama mgeni. Kwenye tovuti ya African Storybook utapata hadithi fupi za bure kwa Kiswahili na lugha zetu nyingi, zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Zisome kwa sauti uone sentensi zinavyopumua. Kampala wapo FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, kama unatafuta waandishi wenzio.

Wale watu wazima wanne waliokusifu, washukuru, na usiwarudie. Wasomee watoto. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo kwa heshima. Tazama mikono yao. Mikono ikiendelea na kazi nyingine, rudi mezani.

Mwisho wa ujumbe wako umeandika kwamba hao dada wawili ni wewe na dada yako mkubwa, na kwamba hamjazungumza tangu matanga ya baba. Sikutaka kulipita hilo. Muswada nitausoma, nitumie kurasa tatu za mwanzo. Lakini kwanza mpigie simu. Usimwambie unaandika kitabu. Mwulize tu anakumbuka nini kuhusu siku ile ya gauni la Idi, halafu nyamaza umsikilize.