Pedali inazama, ikipoa inarudi

SWALI: Mambo fundi, nina Land Rover Series III ya 1974 kaniachia marehemu baba, inashinda imepaki hapa Tanga, naitoa wikiendi tu. Mwezi jana nashuka Lushoto kuja Mombo, kona za mwisho mwisho pedali ikazama mpaka chini, gia ndo zikaniokoa. Nikakaa kama nusu saa kwa muuza matunda, kuikanyaga tena breki zipo kama kawaida! Fundi wangu anasema ninunue masta silinda mpya, ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ikifa haijiponyi kwa kupumzika, hayo ni maji yameingia kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 (hayo ni madaraja yake, yameandikwa kwenye kopo) yanavuta unyevu kama chumvi ya jikoni huko kwenu pwani, unapita kwenye katundu ka kifuniko na hata kwenye hosipaipu za mpira, gari limesimama tu. DOT 4 mpya inatakiwa ihimili nyuzi 230 kabla haijachemka, ikishaingia maji asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 155, sasa wewe umeshikilia breki mlima mzima, ikachemka ikawa mvuke, na mvuke unabonyea ndo maana mguu ukazama.

Mwaga yote. Weka DOT 4, toa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki ukianzia tairi la mbali kabisa na masta, na atakayekanyaga asizamishe pedali mpaka mwisho (weka kipande cha ubao chini yake) maana huko ndani raba hazijazoea kufika, zikikwaruzwa na kutu kweli utanunua masta. Nisimwonee fundi wako pia, maji hayo hayo yanakula chuma, afungue wili silinda (zile silinda ndogo za breki kwenye matairi) aangalie. Hosipaipu kama ni za enzi za mzee badilisha.

Kwa Tanga mimi ningebadili mafuta kila mwaka, wengi wanasema miwili. Nunua kopo dogo lenye sili, hilo la nusu lililokaa shelfu tangu mwaka jana usilitie. Utaambiwa weka DOT 5 ya silikoni haivuti maji, ni kweli haivuti, ila maji yakiingia yanatuama chini kwenye wili silinda yanaanza kutoboa, na haichanganywi na hiyo ya zamani hata tone.

Halafu chunga isidondokee bodi. Aluminiamu haitapata kutu, lakini rangi ya mzee itabanduka palepale.