Programu ya nauli inayozunguka bila kukoma

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu yako ya C ya nauli ya Mtwapa inazunguka bila kukoma; haina wazimu. Mtu akiandika "hamsini" badala ya 50, scanf yenye %d (amri ya C ya kusoma namba nzima) inatafuta tarakimu, inakuta h, inasusa na kuliacha neno zima palepale. Kitanzi kikirudi, h ni ileile. Ndiyo maana skrini inajaa "Weka nauli" mpaka ubonyeze Ctrl+C.

Hukuangalia jibu la scanf. Hurudisha idadi ya thamani ilizosoma: kwako ni 1 ikipata namba, 0 ikikosa, na EOF ingizo likiisha. Lakini mimi ningeiacha kabisa hapa. Soma mstari mzima kwa fgets, kisha utafute namba ndani yake kwa strtol:

char mstari[64], *mwisho;
if (fgets(mstari, sizeof mstari, stdin) == NULL) return 1;
long nauli = strtol(mstari, &mwisho, 10);
if (mwisho == mstari) puts("Andika namba tu.");

Usisahau #include <stdlib.h> juu ya programu, strtol inaihitaji. Kielekezi mwisho, kinachoonyesha strtol iliishia wapi, kikibaki mwanzoni mwa mstari, hakuna namba iliyopatikana. Ila "50bob" itapita kama 50, kwa hiyo ukitaka ukali zaidi, hakikisha *mwisho ni '\n' (mwisho wa mstari) au '\0' (mwisho wa maandishi). Nauli hasi nayo ikatae mwenyewe, strtol haijali.

Hiyo fflush(stdin) uliyoshauriwa ya kufuta ingizo lililobaki, achana nayo; kiwango cha C hakisemi itafanya nini kwenye ingizo, hata kama kwenye mashine ya rafiki yako inakubali. Na gets, amri ya zamani ya kusoma mstari, usiiguse; iliondolewa kwenye C11, kiwango cha C cha 2011.